Mjadala: Mahandaki ya magendo kati ya Tijuana (Meksiko) na San Diego (Marekani), kazi ya kuyazuia ipimwe vipi?

Mleta mada: Mwaka 2017, GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iliripoti mahandaki 67 yaliyogunduliwa mpakani na Meksiko kati ya mwaka wa fedha 2011 na 2016. Ilisema pia kwamba Wizara ya Usalama wa Ndani haikuwa imetathmini ni juhudi zipi zinazofaa. Msimamo wangu: hela mpya za mitambo ya kuyagundua zisubiri tathmini hiyo. Idadi ikipanda, huenda walinzi wameamka, huenda wachimbaji wameongezeka. Utajuaje?

Mjuzi wa udongo: Kusimamisha mitambo napinga, ingawa rada ya kupima chini ya ardhi imesifiwa kupita uwezo wake. Otay Mesa, upande wa San Diego, ni udongo wa mfinyanzi: unachimbika kwa zana za mkono na hauporomoki ovyo. Udongo huohuo humeza mawimbi ya rada ndani ya mita chache tu. Handaki lililotangazwa Januari 2020 lilikuwa na urefu wa mita 1,313 na kina cha wastani cha mita 21! Vihisi vya mitetemo vinaweza kusaidia, lakini malori ya maghala ya pale huvivuruga.

Mkadiriaji: Basi fuateni kifusi. Handaki hilo lilikuwa na kimo cha mita 1.7 na upana wa 0.6, yaani karibu mita za ujazo 1,340. Udongo ukichimbuliwa hufura, tuseme kwa robo. Kwa lori la mita za ujazo 10 ni safari zaidi ya 160. Shehena hiyo haifichiki kirahisi.

Mjuzi wa udongo: Hutolewa upande wa Tijuana, ambako mkaguzi wa Washington hana mamlaka.

Mleta mada: Na hapo ndipo pesa inapopotea. Wamarekani hujaza zege kipande chao. Upande wa Meksiko, kwa miaka mingi, uliishia kuzibwa mdomo tu kwa kukosa fedha. Wachimbaji hurudi humo, wanakata mchepuko kuzunguka zege na kutokea ghala jingine. Ripoti kwa Bunge itaje kila handaki: mita zilizojazwa, mita zilizobaki wazi, na lilikaguliwa lini mara ya mwisho.

Mwanasheria: Ongezeni wenye maghala. Sheria ya Marekani ya 2006 inampa mchimbaji au mfadhili kifungo cha hadi miaka 20, na mwenye eneo anayepuuza kwa makusudi hatari ya kutumiwa hivyo hadi 10. Bunge liulize ni wangapi wa kundi hili la pili wameshtakiwa.