Nafanya utafiti wa TV ya dijitali majumbani, nisaidieni

Kijana_Kisauni: Wadau salaam. Niko mwaka wa mwisho chuo, projekti yangu ni vile watu wa hapa Mombasa wanatumia TV ya dijitali nyumbani tangu analogi izimwe 2015. Nimetoa fomu ya maswali 20 nikaanza na majirani. Nikiuliza mwatazama nini karibu wote waniambia habari, na jioni nikipita tamthilia yasikika mpaka barabarani. Kuna nyanya mmoja ameniambia king'amuzi hakimsumbui hata kidogo, na rimoti iko ndani ya nailoni haigusi mpaka mjukuu atoke madrasa. Sasa niandike nini? Nataka kazi ya kweli.

FundiAntena: Weka fomu kando kwanza, mwambie mtu akuonyeshe. Mimi nafunga antena Majengo, wengi namba ya chaneli hawaijui, wanahesabu tu, bonyeza juu mara tatu ndio mawaidha. King'amuzi kikiskeni upya chaneli zinahama naitwa mbio, fundi TV imekufa, kumbe nzima. Na angalia nyuma ya TV, kuna watu wameletewa za ng'ambo zina DVB-T peke yake, ule mfumo wa dijitali wa zamani, na sisi hapa ni DVB-T2, ule mpya, kwa hivyo dijitali iko ndani na bado yahitaji king'amuzi, ukimuuliza kwa fomu hilo hawezi kukwambia.

MamaTatu_Tudor: Mwanangu, fomu unampa nani? Kwangu ungempa baba watoto, na yeye yuko nyumbani usiku tu, anaikuta taarifa ya saa moja basi. Mchana kutwa rimoti ni ya watoto, alasiri ni yangu mimi na dada wa kazi tukichambua mchicha, mara nyingine hata hatutazami, twasikiliza tu. Nenda nyumba moja mara tatu, saa tofauti.

Msomi_Likoni: Na omba idhini kabla, majina usiandike, kuna sheria ya kulinda data ya 2019.

Kijana_Kisauni: Ahsanteni sana. Leo nimerudi kwa nyanya sikuuliza kitu, nimemwomba tu anifungulie mawaidha. Ametoa nailoni polepole, akabonyeza mara tatu kama alivyofundishwa, ikaja mpira. Akasema "juzi yalikuwa hapa", akairudisha rimoti kwa nailoni akaifunga. Fundi, kesho naweza kukufuata kazini?