Bango la Kiswahili limewakosea nini wenye majengo wa Kampala?

Wakuu, salamu. Leo sina utani na uzi ni mrefu. Asiye na muda apite tu.

Nina duka la vitenge Nsambya. Bango langu lilikuwa na Kiingereza juu, herufi kubwa za bluu, na Kiswahili chini kwa njano: "Vitenge, kanga na mashuka. Jumla na rejareja. Karibu ndani." Ijumaa nimefunga duka, nimekwenda kuswali. Narudi nakuta nusu ya chini imepakwa rangi nyeupe, ile ya maji ya kupakia dari, tena kwa papara, imechuruzika mpaka kwenye mlango wa chuma na kukaukia kwenye kufuli. Njano ya maandishi bado inaonekana kwa chini, kama uchafu. Nikimuuliza mlinzi nani kafanya, anatazama viatu vyake. Msimamizi wa jengo ndiye aliyekuja na barua. Maandishi ya kigeni, inasema, hayaruhusiwi tena upande wa barabara, maana yanaleta watu wanaojazana koridoni na kulifanya jengo lifanane na kambi ya wakimbizi.

Barua yenyewe ya Kiingereza, lugha iliyotufikia kwa meli. Hiyo si ya kigeni.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 6, baada ya marekebisho ya 2005, inasema lugha rasmi ni Kiingereza na ya pili ni Kiswahili. Najua kuna wajuzi watakaoniwahi hapa kwamba ni kwa matumizi yatakayowekwa na Bunge. Sawa, nakubali, Bunge limelala. Lakini kulala kwa Bunge hakukifanyi Kiswahili kuwa kitu cha kufutwa na mlinzi mwenye brashi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Kwa hiyo mtoto wa huyu msimamizi akikaa darasani asome "karibu ndani", baba yake yuko Nsambya anaipaka chokaa.

Na hasira yangu haiishii kwenye rangi. Tangu barua itoke, wapangaji wenzangu wawili wamenitania kwamba nirudi kwetu Kongo. Kwetu ni Bombo, hapa hapa Uganda! Mimi ni Mnubi. Wanubi tumeorodheshwa kwenye jedwali la makabila ya Uganda katika Katiba hiyo hiyo. Nyumbani tumekua na Kinubi na Kiswahili, na ukienda Arua au Koboko, kaskazini magharibi mwa nchi, sokoni hakuna anayekushangaa ukiuliza bei kwa Kiswahili. Askari wetu wanaamrishana kwa Kiswahili mchana kutwa. Sasa Mganda anayezungumza lugha ya jeshi la nchi yake anageuka mgeni kwa sababu ameiandika juu ya duka.

Kisa cha kweli ni Wakongo, wala tusizungushane. Wateja wangu wengi wanatoka Bunia, Beni na Butembo, wengine ni wakimbizi wanaoishi hapa hapa Nsambya na Katwe. Mama mmoja huwa anakuja na mabinti zake, anakunjua kila pisi mpaka mwisho wa yadi sita, anasugua kitambaa kwa kidole gumba kilicholowa mate aone kama rangi inatoka, ndipo aanze kuteta bei. Akimaliza anabeba mzigo wa kujaza boda mbili. Yule mama hasomi Kiingereza. Alisoma bango, akaingia. Ndiyo kazi ya bango jamani, si pambo la ukuta!

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, hakuna nchi Afrika inayotuzidi, na viongozi wetu hujisifu nalo kila wakipanda jukwaa la kimataifa. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Kongo yenyewe imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Ukipita Arua Park, kituo cha magari hapa hapa Kampala, jioni wakati magari yanapakia, hesabu mwenyewe ni mizigo mingapi ingebaki chini kama wanunuzi wa Kongo na Sudan Kusini wangeambiwa hawatakiwi. Pesa yao ndiyo inayolipa pango la jengo hili. Msimamizi anaipokea bila kuuliza ilitamkwa kwa lugha gani.

Nije kwenye jambo ambalo silidharau. Wazee wa Kampala wana kinyongo na Kiswahili, na wana sababu. Miaka ya themanini mwanzoni, ukisikia "panda gari" mtaani ulijua vijana wanazolewa na askari, na wengine hawakurudi. Vizuizi vya barabarani, uporaji, matusi, yote yalikuja kwa Kiswahili. Kabla ya hapo Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, na amri ya Amin haikumfanya mtu akipende. Mzee aliyeyapitia hayo akikunja uso kwa bango langu, nitamvutia kiti tuongee. Ila huyu msimamizi hajafika hata arobaini! Kinyongo cha babu yake anakitumia kufukuza wateja wangu, huku panda gari ameisikia redioni.

Tena historia ina upande mwingine ambao hawapendi kuusikia. Amin alipoangushwa 1979, Wanubi tulihesabiwa watu wake, tukasakwa. Wengi walikimbilia Sudan, wengine Kongo. Baba yangu alivuka mpaka upande wa Aru, Kongo, na mkoba mmoja. Waliompa sehemu ya kulala ni Wakongo, wakamwachia hata kona ya kibanda auze chumvi na sabuni, na hakuna aliyemwambia aandike kwa Kilingala. Leo nikae kimya wajukuu zao wakiitwa uchafu wa koridoni mlangoni kwangu?

Kuna mpangaji amejifanya msomi, akanirushia mfano wa Quebec kule Kanada, kwamba hata Wazungu wanalazimisha mabango. Ndugu, usisome nusu. Quebec sheria yao ya 1977 ilitaka mabango ya biashara yawe Kifaransa peke yake, Mahakama ya Juu ya Kanada ikaitengua sehemu hiyo 1988, na tangu 1993 lugha nyingine zinaruhusiwa mradi Kifaransa kionekane zaidi. Tangu Juni 2025 kinatakiwa kichukue nafasi mara mbili ya lugha nyingine. Kali, ndiyo, lakini imepita bungeni na mahakamani, na mwenye duka anajua apime sentimita ngapi. Huko Pomona, California, manispaa iliwataka wenye mabango ya herufi za kigeni watenge nusu kwa Kiingereza, jaji wa shirikisho akaitupa amri hiyo 1989. Hata Trump, Machi 2025 alipotia saini kwamba Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Marekani, hakugusa bango la duka la mtu. Mimi nusu ya Kiingereza nilikuwa nayo, tena ile ya juu!

Halafu panda ngazi hadi ghorofa ya pili. Kuna duka la vigae, bango lake zima ni la Kichina, halina hata neno moja mimi na wewe tunaloweza kusoma. Halikuguswa. Yule bwana amepanga ghorofa nzima na analipa mwaka mzima mbele. Sina ugomvi naye, wala na wenye mabango ya Kitigrinya, lugha ya Waeritrea, kule Kabalagala au ya Kisomali Kisenyi. Nauliza tu mbona brashi ilikosa ngazi.

Na wale mnaosema wageni wanatuharibia biashara ya rejareja: kama mtu anauza bila leseni, mdaini leseni. Rangi ya dari haikagui leseni.

Nimemwandikia mwenye jengo, kwa Kiingereza chao, nikiomba anionyeshe kifungu cha mkataba kinachotaja lugha. Hakuna, nimeusoma mstari kwa mstari na mwanangu. Jibu lililokuja kwa mdomo ni kwamba mkataba mpya "utarekebishwa". Fundi wa mabango anarudi Jumatatu, nimemwambia apake njano ya mafuta safari hii, na gharama nimeikata kwenye pango la mwezi huu na risiti nimeambatisha.

Mwanasheria yeyote humu anayejua kesi za upangaji, naomba aseme kama kukata huko kutaniponza. Na waliopata barua ya aina hii Katwe, Kabalagala, Arua Park au popote mjini, wekeni picha yake hapa chini, zibeni majina. Nataka kuona kama maneno ni yale yale.