Naishi juu Muyenga: Aqua niiteremshe kwa D au kwa B?

Dada_Muyenga
Habari zenu wakubwa. Nina Toyota Aqua, hybrid ya petroli na umeme, iliyotumika Japani, mwezi wa nne sasa. Nyumbani ni juu kwenye kilima cha Muyenga, hapa Kampala, kazini karibu na Clock Tower. Fundi mmoja aliniambia niache gia ya kawaida ya D, niendeshe kwa B, ile ya kushikia gari kwa injini, muda wote, ati ndiyo inayochaji betri. Nimemtii wiki tatu: mafuta yanaisha haraka kuliko mwanzo, na nikiteremka injini inanguruma. Nakosea wapi? Naombeni msaada.

Dereva_Kibuye
Dada, rudi D leo hii. Hata kwa D, ukiondoa mguu kwenye mafuta au ukigusa breki, mota ya umeme inageuka jenereta na mwendo wa gari unaingia betrini kama umeme. B inaongeza jambo jingine: inazungusha injini ili ilikamate gari. Nguvu inayokwenda kuzungusha injini imepotea, hairudi.

Wa_Kisoro
Kweli kabisa, ila B usiitupe. Mimi hushuka mteremko mrefu wa mlimani wa Kanaba kuja Kisoro. Gari na abiria, tuseme kilo 1,200, likishuka mita 100 linaachilia nishati kama 0.33 kWh. Betri nzima ya Aqua haifiki 1 kWh, tena kompyuta hairuhusu itumike yote. Mteremko mrefu unaijaza kabla hujafika chini. Ikijaa haipokei tena, mzigo wote unaangukia disiki na pedi mpaka zinachemka. Hapo B ndiyo uhai wako. Muyenga hadi Kabalagala ni pafupi, D inatosha.

Dada_Muyenga
Asante sana. Na jamu ya Kibuye je? Pale nakanyaga breki kila mita tano.

Dereva_Kibuye
Pale mavuno ni madogo. Nishati ya mwendo hupanda kwa mraba: gari la kilomita 60 kwa saa lina mara 9 ya lile la 20. Na likikaribia kusimama, disiki ndizo zinazomalizia. Faida yako kwenye jamu ni injini kuzimika. Vuna barabara ikiwa wazi: ukiona taa nyekundu mbele, toa mguu mapema, kanyaga breki polepole na kwa muda mrefu, mshale wa dashibodi ubaki upande wa CHG, yaani wa kuchaji. Ukikanyaga ghafla, sehemu kubwa inaishia kuwa joto kwenye disiki.

Gereji_Ntinda
Mdogo wangu, angalia pia tundu la hewa chini ya kiti cha nyuma. Betri hupoozwa kupitia hapo. Vumbi la murramu likiziba, betri inapata joto na kompyuta inapunguza kuchaji.

Dada_Muyenga
Nimefungua: vumbi jekundu tupu! Nimelisafisha, na leo nimeteremka kwa D, kimya kabisa. Kaka wa Kisoro, Desemba tunakuja huko na watoto. B niiweke betri ikishajaa?

Wa_Kisoro
Hapana, iweke juu kabisa, kabla gari halijashika kasi. Na ukikuta ukungu, washa taa. Karibuni sana.