Pesa za fitri zimezuiwa na Idi hiyo yaja

Mwana wa Kuze (London):
Asalaam alaykum jamaa. Juzi nimetuma pauni 600 Mombasa kwa M-Pesa ya mama: za futari, za fitri (zaka ya kumaliza Ramadhani) ya watu saba, na zilobaki ni sadaka ya mtaani. Kwenye sababu nikaandika "zakat". Ofisi ya kutuma pesa imezizuia. Wataka kitambulisho, P60 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka) na taarifa ya benki ya miezi mitatu. Nimewapa BRP, ile kadi ya ukaazi, wameikataa. Leo tuko Ramadhani ishirini na tatu. Je, nizidai zirudi nitume kwengine, ama ningoje? Mwenye kujua anijibu upesi.

Ami wa Leicester:
Waalaykum salaam mwanangu. BRP zilikufa 31 Desemba 2024, sasa ni eVisa ya mtandaoni. Ingia akaunti yako ya UKVI (idara ya viza), toa ile namba ya kuthibitisha ukaazi, wapelekee. P60 muombe mwajiri, hiyo ni kazi ya siku moja.

Bint Majengo (Birmingham):
Ami, shikamoo, lakini tusimpoteze mwenzetu. Namba ya UKVI ni ya kumwonyesha mwajiri au mwenye nyumba kwamba una haki ya kufanya kazi na kupanga. Watumaji pesa wataka kitambulisho chenye picha ambacho hakijaisha muda, kama paspoti. Na P60 haitoki mwezi huu: mwaka wa kodi wafunga 5 Aprili, na mwajiri ana mpaka 31 Mei kuitoa. Iliyoko mkononi sasa ni ya mwaka uliopita, kwa hiyo iambatane na karatasi tatu za mwisho za mshahara. Aliyejiajiri hana P60, atoe SA302, yaani hesabu ya kodi yake toka HMRC (mamlaka ya kodi). Taarifa ya benki iwe PDF nzima, kurasa zote hata zile tupu, si picha ya skrini. Jina na anwani vionekane, na mshahara uonekane ukiingia.

Mzee wa Toronto:
Mwajisumbua bure. M-Pesa haipokei zaidi ya laki moja na nusu. Zigawe mara tatu, zitapita.

Bint Majengo:
Mzee wangu, hicho ni kiwango cha zamani! Tangu 2023 ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 ndani ya akaunti. Pauni 600 hazifiki hata laki na nusu. Na kuzigawa vipande ndiko kunakoamsha mitambo yao: mtu mmoja, mpokeaji mmoja, mara tatu kwa siku mbili, hapo hata zilizopita zitafuatwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni jina. Laini imesajiliwa kwa majina ya kitambulisho, wewe waandika jina la nyumbani. Au laini si ya mama hata kidogo, ni ya mjukuu aliyemsajilia. Uliza majina yanayotokea M-Pesa mtu akimtumia, uyaandike hivyo hivyo.

Mwalimu wa Cardiff:
Naomba tuyatenganishe mafungu, maana mwenyewe ameyachanganya. Za futari ni zawadi kwa mama, na sadaka ni sadaka: hizo zikichelewa hazikuharibikii. Fitri ina wakati, ina kipimo na ina wenyewe.

Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni pishi moja kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, katika chakula kinacholiwa zaidi mahali pale. Kwetu ni mchele. Iwe nafaka, unga haufai, wala mchele ulioingiwa na fukusi. Wengi huipima pishi ya mchele kwa kilo 2.5, na mwenye tahadhari hutoa 3. Yamlazimu aliyekuwa hai jua la siku ya mwisho likitua. Mtoto alozaliwa kabla ya magharibi, hata kwa dakika moja, ana fitri. Alozaliwa baada yake hana. Yafaa kuitoa tangu Ramadhani mosi, na bora ni asubuhi ya Idi kabla ya sala. Kuichelewesha mpaka jua la Idi litue bila udhuru ni haramu, na yabaki deni shingoni.

Na hili watu hawalipendi: fitri yako haiendi kwa mama yako. Akiwa hana, matumizi yake ni juu yako. Yeye awe wakala tu, apokee pesa, anunue mchele, awape maskini. Shangazi au binamu asiye na kitu, sawa.

Mzee wa Toronto:
Wako wanaotoa pesa taslimu. Si lazima mchele.

Mwalimu wa Cardiff:
Hao ni Hanafi, na hoja zao zajulikana. Lakini usichukue pesa kwa Hanafi, na kipimo kwa Shafi, na wakati kwa anayekufurahisha. Tena kauli mashuhuri kwetu ni fitri kutolewa pale ulipo jua likikutulia. Kuihamishia Mombasa kuna khitilafu, sijaigusa kwa sababu najua hamtanisikia.

Kijana wa Markiti (Mombasa):
Salaam toka nyumbani. Fitri isingoje ofisi. Mpigie mwenye duka unayemjua hapa, mwambie: nakuwakilisha unitolee fitri ya watu saba, majina ni haya. Tia nia, yeye atoe mchele kwa idhini yako, umlipe pesa zikifunguka. Watu saba kwa kilo 2.5 ni kilo 17 na nusu. Gunia la kilo 25 ni vichwa kumi kamili, kwa hiyo zabaki kilo 7.5 za sadaka. Kwa kilo 3 ni kilo 21, na zabaki nne. Usikubali kupimiwa kwa gorogoro: ile ni kama kilo mbili, haifiki pishi. Mzani.

Na tafadhali msitume usiku wa mwezi. Kila mwaka ujumbe waingia baada ya isha, maduka yamejaa wanunuzi wa kanzu na viatu, mchele wa kawaida umekwisha, umebaki wa biriani wa bei ya juu. Ishirini na saba mwisho.

Mwana wa Kuze:
Ahsanteni. Paspoti nimeipeleka. Lakini nizidai, ama ningoje?

Ami wa Leicester:
Mwezi wa nani lakini? Kijana wa Markiti, mwafuata tangazo la Kadhi Mkuu ama Saudi? Mkifunga thelathini nasi tukila ishirini na tisa, wakala wenu atatoa wakati gani?

Kijana wa Markiti:
Ami, hapa mtaa mmoja una Idi mbili, sembuse mji. Msikiti huu takbiri, wa pili tarawehe. Wakala atoe siku mbili kabla, ugomvi umuache na wenyewe.

Mwalimu wa Cardiff:
Na hata mkiwa Idi moja, jua halitui pamoja. Mwezi wa tatu huu, likitua London Mombasa ni saa tatu na ushei usiku. Toronto likitua, Mombasa ni saa nane na kitu, watu wakaribia alfajiri. Ndiyo maana nasema itolewe mapema. Na wewe wa Kuze, usiku wa witri wa kumi la mwisho usiupoteze ukisubiri simu ya ofisi.

Ami wa Leicester:
Hapo Makadara saa hizi viazi vya karai vyatolewa mafutani. Huku kaimati zangu zatoka mawe. Mnafanyaje?

Bint Majengo:
Ami, jiko lako ni baridi, hamira imelala. Unga mweupe nusu kilo (si ule wenye hamira ya keki ndani), hamira kijiko cha chai, mtindi vijiko vitatu vya kulia, maji vuguvugu kama mililita 400. Upige kwa mkono mpaka uvutike. Bakuli lifunike, litie ndani ya ovena iliyozimwa, taa yake tu iwake, saa moja na nusu. Ukilitikisa liwe lacheza kama jeli, na mapovu juu. Mafuta ya moto wa wastani: yakiwa makali yabadilika rangi nje na ndani ni unga mbichi.

Mzee wa Toronto:
Shira itie ndimu.

Bint Majengo:
Mzee, ndimu huizuia sukari isigande! Hiyo ni ya wanaotaka shira laini. Kaimati zetu zavaa sukari nyeupe. Sukari gramu 400, maji 200, iliki, ichemke mpaka ivute uzi kati ya vidole. Uiepue, umimine kaimati zilizokauka mafuta, uzigeuze bila kuacha mpaka sukari ipauke na kushika. Ukiacha kugeuza kabla haijapauka, zagandana bonge moja, na ukizitia shira ikiwa bado maji, zanywa na kulegea.