Karafuu Pemba, mwani Pemba, viwanda Unguja. Mpaka lini?

Nimechoka kuambiwa uchumi wa Zanzibar unapaa. Unapaa wapi? Nenda bandari ya Mkoani, hapa Pemba, siku ya boti uwatazame vijana na mabegi yao. Wanakwenda Unguja, Nungwi, Paje na Kiwengwa, kulinda mahoteli na kufua mashuka ya wageni, maana kwao hakuna wa kuwaajiri.

Na si kwamba Pemba haizalishi! Sehemu kubwa ya karafuu ya nchi hii inatoka huku, na kwa mujibu wa sheria mnunuzi ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la serikali. Tunachuma, tunachambua, tunaanika, tunafikisha kituoni, kisha magunia yanapakiwa yakiwa vile vile. Tulichobakishiwa ni kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, pale Wawi.

Mwani ndio unaonitia uchungu zaidi. Dada yangu huingia baharini maji yakishatoka, anafunga mbegu kwenye kamba moja moja, mgongo umepinda, jua la utosi. Akishavuna na kukausha, anakuja mnunuzi na mizani yake na bei yake mfukoni: shilingi mia kadhaa kwa kilo, hutaki acha. Huo mwani ukifika ng'ambo unatolewa karagenani, ule ute wa kugandisha, inatiwa kwenye dawa za meno na vyakula vya maziwa. Pesa iko hapo, na hapo si Pemba. Najua mtanitajia kiwanda cha mwani cha Chamanangwe, huku huku Pemba. Mimi nangoja kuona dada yangu analipwa ngapi kwa kilo.

Zamani kisingizio kilikuwa umeme, majenereta ya Wesha hayatoshi. Haya, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umefika tangu 2010. Sasa kisingizio nini? Fumba ya Unguja na Micheweni ya Pemba zote zilitengwa kuwa maeneo huru ya uchumi miaka ya 1990. Fumba leo ni mji. Micheweni, kila takwimu za umasikini zikitoka, iko mkiani.

Msiniambie mwekezaji anafuata uwanja wa ndege na bandari. Hivyo havikuota vyenyewe Unguja, serikali iliamua ijenge huko kwanza, kwa kodi na karafuu za watu wote.

Kama humu yumo Mwakilishi au mtu wa idara ya uwekezaji, ajibu hapa hapa: katika miradi iliyoidhinishwa miaka hii, mingapi ni ya Pemba, na katika hiyo mingapi imeshaajiri watu?