Mrejesho: mipangilio rahisi na ya kina katika programu ya stoo

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza namna ya kupanga mipangilio ya programu ya stoo bila kumchanganya muuzaji wala kumbana fundi. Kitufe cha kuchagua kati ya mipangilio rahisi na yote, kama cha VLC (programu ya kuchezea video na muziki), nimekiacha, kwa kuwa anayetafuta kipengele kimoja hutupwa kwenye orodha ndefu yenye mpangilio mwingine kabisa. Sasa kila ukurasa unaonyesha mipangilio ya kila siku, yaani printa, sarafu na kodi, na ya kina yamekunjwa chini yake, ingawa kisanduku cha kutafutia huyafikia yote. Kutoka about:config, ukurasa wa mipangilio ya kina wa kivinjari cha Firefox, nimechukua herufi nzito kwa thamani iliyobadilishwa, pamoja na kitufe cha kuirejesha ya awali. Mafundi wamelipenda hilo kuliko yote. Anwani ya hifadhidata bado sijaamua niiweke wapi.