Vitabu 52 kwa mwaka mnaipangia nyumba gani? Wenye paka, mbwa na jiko tumechoka kuitwa wavivu

#1 – Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu naufungua kwa hasira na sitaificha.

Kila Januari ni yale yale. Bango linazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp: vitabu 52 kwa mwaka, kitabu kimoja kila wiki, Jumapili usiku tuma picha ya jalada. Ikifika Machi wengi wamenyamaza, na waliobaki wanawasema walionyamaza. Mtu akieleza kwamba nyumbani kuna mtoto wa mbwa anayetafuna kila kinachoshikika, anajibiwa "mfungie nje". Akisema paka anakalia kitabu, anaambiwa "kamtupe sokoni". Watu wazima, wapenzi wa vitabu, wanaandika hivyo mbele ya wenzao bila haya!

Tuanze na hesabu, maana uongo ulianzia hapo. Vitabu 52 vya kurasa 200 ni kurasa 10,400. Gawa kwa siku 365, ni kurasa 28 na ushee kila siku, pasipo kuruka siku ya msiba, ya homa, ya wageni wala ya kufua. Kwa msomaji wa kawaida anayesoma kujiburudisha baada ya kazi, tuseme dakika 2 kwa ukurasa, hiyo ni karibu saa nzima ya utulivu kila siku ya Mungu. Saa hiyo ipo kwenye nyumba gani yenye maharage jikoni na mnyama anayekwaruza mlango?

Halafu kuna wanaoleta kasi ya kusoma Kiingereza, maneno 200 na zaidi kwa dakika, wanaibandika kwenye Kiswahili. Haiendi. "Wasingalimwambia" ni neno moja tu, lakini ndani yake yupo aliyetenda, upo ukanushi, lipo sharti, yupo aliyetendwa, na kitendo chenyewe kimo. Jicho haliliruki kama linavyoruka neno la herufi tatu.

Pima kasi yako mwenyewe. Chukua kitabu unachokisoma sasa, tega simu ilie baada ya dakika 10, soma kama kawaida, hesabu kurasa. Rudia siku tatu, moja iwe jioni nyumba ikiwa na kelele zake zote. Kati ya hesabu hizo tatu chukua iliyo ndogo kabisa, usitafute wastani, kwa sababu wastani unaficha zile siku mbaya zinazowafanya watu waache. Ikitoka kurasa 5, na ukawa na uhakika wa dakika 20 kwa siku 6 za wiki, una kurasa 60 kwa wiki. Usizidishe kwa 52. Ondoa wiki 8 za maradhi, safari, sikukuu na mitihani ya watoto, zidisha kwa 44. Unapata kurasa 2,640, yaani vitabu 13 vya kurasa 200. Hilo ndilo lengo la mtu mwenye nyumba, na hakuna mwenye haki ya kumcheka.

Tena kuhesabu majalada kunaharibu usomaji wenyewe. Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka 1990, haifiki kurasa 100, lakini msomaji makini anaweza kukaa nayo mwezi mzima, akirudi nyuma kila mara. Kwa kanuni zenu huyo amechelewa wiki tatu, na bingwa ni aliyepitia vijitabu vinne bila kukumbuka hata jina la mhusika mkuu. Matokeo yake watu wanakimbia vitabu vinene na vigumu, wanaokota vyembamba ili picha ya Jumapili ipatikane. Hata changamoto ya kusoma iliyoanza 2011 kwenye Goodreads, tovuti ya wasomaji wa vitabu, inamwachia kila msomaji ajipangie idadi yake. Nyinyi mmeipata wapi 52 ya lazima?

Sasa wanyama, maana hapa ndipo mnapotoa ushauri wa kikatili na usiofanya kazi.

Paka hakalii kitabu kwa ujeuri. Kitabu kilichofunguliwa kiko mbele ya uso wako, kina harufu ya mikono yako, na karatasi inatunza joto. Ukimsukuma huku unamsemesha, amepata alichokifuata: umemtazama. Kesho atarudi. Isitoshe, paka huchangamka zaidi alfajiri na magharibi, saa zake za kuwinda, na mabango yenu yanawaambia watu wasome "alfajiri kabla ya kazi au jioni ukirudi". Mmechagua saa mbili mbaya kuliko zote!

Kinachofanya kazi ni kufuata mpango wa maumbile yake. Mchezeshe kwanza, dakika 10 hadi 15, kwa kamba iliyofungwa kitambaa mwishoni. Iburute sakafuni kama panya anayekimbilia uvunguni, usiipeperushe puani mwake. Mwache aikamate mara kadhaa. Ukimaliza mpe chakula palepale, na kamba uifungie kabatini, kwani paka akimeza uzi utumbo unaweza kujikunja na kukatika, na hapo ni upasuaji. Paka akishawinda na kula, hujilamba, kisha hulala. Akianza kujilamba, fungua kitabu. Wengi wanakosea kwa kumlisha kwanza na kumchezesha baadaye. Wanafika ukurasa wa pili paka ndiyo kwanza amepamba moto.

Chakula chenyewe kiwe dagaa wa kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu. Vitunguu hivyo vinaharibu chembe za damu za paka na za mbwa pia, kwa hiyo mchuzi uliobaki usimmwagie. Dagaa wenye chumvi waloweke, mwaga maji, ndipo uchemshe.

Pembeni ya kiti weka katoni lenye kanga kuukuu ndani, kimo chake kilingane na mapaja yako ukiwa umekaa. Akiingia humo, mpapase. Akipanda kwenye kitabu, usiseme neno: inuka, mwache ashuke, kaa tena. Siku za mwanzo atalia zaidi kuliko zamani. Ukilegea siku ya nne, umemfundisha kwamba dawa ni kulia kwa sauti kubwa.

Mbwa ni habari nyingine. Kati ya miezi 3 na 6 meno yanabadilika na fizi zinamsumbua. Kitabu ni laini, kina jasho la vidole vyako, na kiko mkekani, usawa wa mdomo wake. Chukua taulo kuukuu, lilowe, lifunge fundo, liweke kwenye friza mpaka ligande, ndiyo umpe kabla hujakaa kusoma. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vikali. Kwa mbwa mkubwa, mtembeze dakika 20 hadi 30 kwanza. Mbwa aliyeshinda kwenye mnyororo tangu asubuhi hawezi kutulia miguuni pako, na kosa si lake.

Na hili linaua kabisa: vile vidonge vyeupe vya nondo mnavyotumiana picha ya kuweka kwenye rafu za vitabu. Vya naftalini ni sumu kwa paka na mbwa, kwa kumeza na hata kwa mvuke chumba kikifungwa. Kama wadudu wa karatasi na ukungu wa pwani vinakutesa, sogeza rafu ipate nafasi ya sentimita 5 kutoka ukutani, usibananishe vitabu, futa vumbi kwa kitambaa kikavu kila baada ya wiki mbili. Umeme ukikatika, tumia taa ya chaji. Mshumaa, mkia wa paka na pazia havikai chumba kimoja.

#2 – Mchangiaji

Mleta mada umesema vizuri, ila umeruka jambo linalofanya watu wengi wafukuze paka: mkojo kwenye vitabu. Na ushauri unaozunguka ni kumwagia jiki! Acheni jamani. Mkojo una amonia, ikikutana na jiki inatoa hewa yenye sumu, na chumba kidogo kisicho na dirisha wazi kinaweza kukulaza hospitali. Kitabu nacho kinapauka na kuoza.

Fanya hivi. Bonyeza kwa kitambaa kikavu, usisugue, kusugua kunausukuma mkojo ndani zaidi. Weka karatasi za chooni kila baada ya kurasa kama 10, simamisha kitabu kikiwa wazi kivulini penye upepo, badilisha karatasi kila zikilowa. Jua kali linakunja kurasa, lisikutamanishe. Kikibaki na unyevu kidogo sana, kilaze chini ya uzito siku mbili tatu. Kikikauka kabisa, kitie kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vipande vya mkaa kwenye bakuli, mkaa usikiguse, kikae wiki nzima. Harufu itapungua sana, doa litabaki. Rafu na sakafu zioshwe kwa siki na maji nusu kwa nusu. Harufu ikibaki hapo, atarudi palepale.

Sababu sasa. Beseni lake la choo likiwa chafu atatafuta pengine, na karatasi zinanyonya vizuri. Weka mchanga laini au maranda kina cha sentimita 5 au zaidi, toa uchafu kila siku, na kanuni ni beseni moja zaidi ya idadi ya paka: paka wawili, mabeseni matatu. Dume asiyehasiwa ananyunyiza kuweka alama, ukimhasi mapema mara nyingi anaacha. Lakini dume akichuchumaa mara kwa mara na kutoa matone tu au asitoe kitu, acha kitabu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Njia ikiziba, anaweza kufa ndani ya siku mbili.

#3 – Mchangiaji

Nakubaliana na hasira, lakini mkuu nakupinga kwenye kurasa. Kurasa 5 za herufi kubwa si sawa na kurasa 5 za herufi za kusumbua macho. Lengo liwe dakika. Dakika 120 kwa wiki, basi. Siku jiko limekushika unasoma 10, kesho 30.

Tena andika. Daftari dogo la safu tano: tarehe, ukurasa ulioanzia, ulioishia, dakika, na kilichokukatiza. Safu ya tano ndiyo muhimu. Baada ya wiki mbili utaona neno lilelile linajirudia, tuseme "mbwa, saa 1 jioni", na utagundua hiyo ni saa yake ya kula. Unasogeza kusoma hadi saa 3, tatizo limekwisha bila kumfukuza mtu wala mnyama. Na ukikatizwa, usiache kitabu kimelala kifudifudi, gundi ya mgongo inapasuka na kurasa zinaanza kuchomoka. Weka kipande cha karatasi, funga, nenda.

Naongeza: aliye na mikono kwenye unga anaweza kusikiliza kitabu kilichorekodiwa kwa sauti. Dakika hizo zihesabiwe kama nyingine zozote. Ila mwenye mbwa anayeogopa sauti apunguze spika, atumie simu yenyewe karibu na jiko.

#4 – Mleta mada

#3, nimekubali. Dakika ni haki zaidi kuliko kurasa, na safu ya kilichokukatiza nitaiunga mkono popote. #2, asante kwa la jiki, lisambazwe.

Kwa hiyo viongozi wa magrupu, mkiandaa bango la Januari, ondoeni 52. Wekeni nafasi wazi mtu ajaze dakika zake za wiki baada ya kujipima siku tatu. Picha ya jalada ya Jumapili ifutwe. Mtu aandike sentensi mbili kuhusu alichosoma, hata kama ni kurasa 15. Atakayemwambia mwenzake amtupe mnyama aondolewe kwenye grupu, kama mnavyowaondoa wanaotuma matangazo.

Na nyuzi zijazo za mapendekezo, tafadhali kila kitabu kiandikwe na idadi ya kurasa na ukubwa wa herufi. Anayeanza hapa chini aanze na alivyonavyo mkononi.